Debe Tupu, Waya na Betri: Kuuelewa Muziki wa Majaribio wa Kujitengenezea

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, wakimlenga mtu wa maneno mengi na akili haba. Tuiweke kejeli hiyo kando, tulichukue debe lenyewe. Ligonge likiwa tupu, kisha lijaze mchanga uligonge tena. Mara ya kwanza litavuma, na mvumo utakaa hewani kidogo kabla ya kufifia. Mara ya pili utapata kishindo kifupi tu, kama hodi kwenye mlango mzito. Mkono ni uleule. Tofauti ni kwamba bati la debe tupu lina nafasi ya kutetemeka, na hewa iliyomo ndani inatetemeka pamoja nalo, ilhali mchanga unazibana zote mbili. Sasa mwaga mchanga, tia maji robo debe, ligonge huku unaliinamisha polepole. Mlio utapinda kadiri maji yanavyohama, na hautapinda mara mbili kwa namna ileile.

Ukiweza kukaa na debe hilo kwa dakika kumi bila kuona aibu, umeshaanza kufanya kile ambacho watu wengi hukiita kwa majina makubwa makubwa: muziki wa majaribio, sanaa ya sauti, muziki wa kelele. Majina haya huchanganywa ovyo, na mchanganyiko huo huwafanya wengi waamini kwamba mambo haya ni ya wasomi wenye maabara. Hapa nitajaribu kuyafungua, kisha nionyeshe vitu vyenyewe vinavyofanya kazi: kisahani cha piezo, mrejesho wa spika, na chipu ya bei ya chini yenye uwezo wa kulia.

Tuanze na neno majaribio. Kwa kawaida mtunzi huusikia wimbo kichwani, kisha hutafuta ala na watu wa kuutoa nje. Mmarekani John Cage aliupindua mpangilio huo. Katika miaka ya 1950 alieleza kwamba tendo la majaribio ni lile ambalo matokeo yake hayajulikani kabla. Kwa maana hiyo, kazi ya majaribio si rasimu ya kazi nyingine itakayokuja kuwa nzuri baadaye. Imekamilika, kisichojulikana mapema ni itakavyosikika. Tarehe 29 Agosti 1952, huko Woodstock katika jimbo la New York, mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya piano kwa dakika nne na sekunde 33 bila kupiga noti hata moja, kwa kufuata kazi ya Cage. Watu walisikia upepo, mvua juu ya paa, na mwishowe manung'uniko yao wenyewe. Wengi huisimulia kazi hiyo kama mzaha. Lakini iangalie kama fundi: Cage alitengeneza chombo kwa kutumia muda, ukumbi na watu waliokaa kimya, kisha akakiacha kilie chenyewe.

Sanaa ya sauti hutofautiana na muziki hasa kwa jinsi inavyoutumia muda. Muziki una mwanzo na mwisho, nawe husubiri hadi uishe. Sanaa ya sauti mara nyingi huwekwa mahali, kama sanamu. Mtu huingia anapotaka, hukaa apendavyo, huondoka. Mpaka kati ya hizo mbili una matundu mengi, nao haunikoseshi usingizi.

Kelele ndilo neno gumu zaidi kati ya haya, kwa sababu ndani yake mna hukumu. Sauti ikiitwa kelele, maana yake kuna mtu hakuitaka. Kifizikia tofauti ni ndogo: noti ni mtetemo unaojirudia kwa utaratibu, kelele ni mtetemo usio na utaratibu huo, na kati yake kuna ngazi nyingi mno. Kiswahili chenyewe kinazijua ngazi hizo. Tuna mvumo, mrindimo, mngurumo, mtutumo, mkwaruzo, mchakacho, kishindo, mnong'ono. Na tuna viigizi: kitu kikianguka majini kinaanguka chubwi, mchangani tifu, matopeni pwata. Neno moja linakwambia kilichoangukiwa ni nini, bila kutaja kitu chenyewe kilichoanguka. Anayejua kutofautisha tifu na pwata ana sikio linalotosha kuanzia kazi hii.

Sasa, kwa nini ujitengenezee? Jibu linalotolewa haraka ni gharama: ala ni ghali, chukua makopo. Jibu hilo si la uongo, ila linapunguza ukubwa wa jambo. Piano imeshaamua mambo mengi kabla hujaigusa. Imeamua kwamba oktava, yaani nafasi kati ya noti na ile ya juu yake yenye mitetemo mara mbili, ina ngazi 12, kwamba kila mlio huanza kwa pigo na kufifia, kwamba sauti itoke mahali pamoja. Anayenunua piano hununua maamuzi hayo yote. Harry Partch, Mmarekani mwingine, aliyakataa. Akaigawa oktava katika ngazi 43, na kwa kuwa hakukuwa na ala za kupiga ngazi hizo, ikambidi ajenge zake kwa mbao, vioo na mianzi. Kwake kujenga na kutunga vilikuwa kazi moja. Hiki ndicho kiini cha mambo yote yatakayofuata: anayetengeneza chombo cha sauti huwa ameanza kutunga tangu anaposhika koleo. Baadaye hataweka mlio mmoja mmoja. Ataweka masharti ambayo milio itazaliwa chini yake.

Watangulizi wa njia hii wengi walikuwa wageni wa muziki, au walivamia vifaa visivyokuwa vya muziki. Luigi Russolo wa Italia alikuwa mchoraji. Mwaka 1913 aliandika waraka wa kudai kwamba muziki upokee kelele za mashine na miji, kisha akajenga masanduku yenye pembe kubwa mbele na mpini wa kuzungusha nyuma. Ndani yake gurudumu lilisugua waya uliofungwa kwenye ngozi iliyowambwa kama ya ngoma. Yalipochezwa Milan mwaka 1914, ukumbi uligeuka uwanja wa fujo. Vita vya Pili vya Dunia viliyateketeza masanduku yale, na yanayoonekana leo ni ya kuigiza.

Cairo, mwaka 1944, kijana Halim El-Dabh alichukua kinasa sauti cha waya wa chuma, chombo kilichotangulia utepe, akaenda kunasa sherehe ya zari, yaani ibada ya kupunga pepo, iliyofanywa na wanawake. Kisha alikwenda kwenye studio za redio, akazipitisha sauti zile katika chumba cha mwangwi na kuondoa baadhi ya sehemu zake, hadi uimbaji ukabaki kama kivuli chake. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio mjini Paris, kutangaza kazi zake za mwaka 1948 zilizotengenezwa kwa milio ya treni na vitu vingine kwenye santuri. Vitabu vingi humtaja Schaeffer kama baba wa njia hii na kumpitia El-Dabh mbio. Naona hilo ni kosa, ingawa Schaeffer ana lake la kujivunia. Aligundua kwamba mfuo wa santuri ukifungwa ujirudie kama kitanzi, sikio huacha kujiuliza "hii ni treni gani?" na kuanza kuisikia sauti yenyewe, kupanda na kushuka kwake. Jaribu leo kwa simu: nasa sekunde moja ya bawaba ya mlango, irudie mara hamsini. Baada ya mara ya ishirini hivi mlango hupotea.

Kisahani cha piezo

Nikiambiwa nichague kifaa kimoja tu cha kuanzia, nitachagua hiki. Fungua saa ya mezani, mwanasesere anayelia, au kadi ya pongezi inayoimba, na ndani utakuta kisahani chembamba cha shaba ya njano chenye duara jeupe katikati. Duara hilo ni kauri ya aina ya pekee. Ukilipinda hutoa umeme, na ukilipa umeme hujipinda. Ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, ndio walioonyesha mwaka 1880 kwamba fuwele zikibanwa hutoa umeme. Ndani ya saa, kisahani hupewa umeme kikalia. Sisi tunakigeuza: tunakibandika kwenye kitu kinachotetemeka, nacho kinatupa umeme unaofuata mtetemo ule. Hapo kimekuwa maikrofoni ya kugusa.

Tofauti yake na maikrofoni ya kawaida ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Maikrofoni ya kawaida husikiliza hewa, kwa hiyo husikia chumba kizima, kikohozi cha jirani na gari linalopita. Piezo karibu haisikii hewa kabisa. Inasikia kilichomo ndani ya chuma, ubao au kioo. Waya wa uzio uliotulia kwa sikio tupu unaweza kuwa na bahari nzima ndani yake. Stuli ya mbao ina minong'ono. Kiberiti kinachokwaruzwa juu ya sahani ya bati husikika kama lori linaloburutwa. Hicho ndicho Cage alichokiwinda mwaka 1960 alipowaambia wapigaji wachomeke vijiti, nyaya na manyoya katika vichwa vya kusomea santuri, na ndicho Mwingereza Hugh Davies alichokifanya mwaka 1968 alipopachika vitu vidogo vya chuma pamoja na vinasa vyake ndani ya jalada la juzuu moja la ensaiklopidia. Kitabu kikawa ala.

Kuunganisha ni rahisi. Waya wa katikati wa kebo unalehemiwa kwenye duara jeupe, waya wa nje kwenye shaba. Gusa duara jeupe kwa chuma cha moto kwa sekunde moja au mbili tu. Joto likizidi, kauri hupoteza uwezo wake. Tumia kebo yenye waya wa kinga unaozunguka wa ndani, kama ile ya gitaa, la sivyo utanasa mvumo wa umeme wa nyumba, hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 au 60 kutegemea nchi uliyopo.

Kisha linakuja jambo linalowakatisha watu tamaa. Unachomeka piezo kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, unagonga meza, na unachosikia ni kijisauti cha bati, hakina tumbo. Mimi nilipofika hapo mara ya kwanza nilitupa visahani viwili nikiamini ni vibovu. Havikuwa vibovu. Piezo ni chanzo chenye umeme mchache sana, na kwa mtazamo wa saketi hufanana na kapasita ndogo, yaani kipande kinachotunza umeme kidogo, mara nyingi karibu nanofaradi 20. Mlango wa kuingizia sauti wa mashine nyingi una ukinzani wa kiloomu 10 hivi. Kapasita hiyo na ukinzani huo vikikutana huwa chujio, na ukipiga hesabu utaona kwamba kila kilicho chini ya hezi 800 hivi huanza kuvuja na kupotea. Sauti ya mtu ya kiume huanzia karibu hezi 100. Kwa hiyo uzito wote wa mlio unamwagika kabla haujafika kwenye spika. Mlango wa amplifaya ya gitaa, kwa upande mwingine, kwa kawaida una ukinzani wa megaomu 1, mara mia zaidi, na chujio lile hushuka hadi hezi 8, chini ya uwezo wa sikio. Kisahani kilekile, meza ileile, na sasa meza ina tumbo. Asiye na amplifaya ya gitaa anaweza kujenga kikuza sauti kidogo chenye transista moja na betri. Kazi yake ni kumpokea piezo kwa ukinzani mkubwa kisha kuukabidhi umeme kwa mashine kwa upole.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu lina somo lisilo la umeme. Ule mlio mwembamba wa kwanza si makosa ikiwa unaupenda. Wako wanaoutafuta. Ila ni vizuri kujua kwamba umeuchagua, badala ya kudhani ndivyo piezo zilivyo.

Namna ya kubandika nayo ni utunzi. Gundi ngumu hupitisha milio mikali. Utepe wa kunata wenye sponji huilainisha. Kibanio cha nguo hukuwezesha kuhama kutoka mahali hadi mahali huku unacheza. Ukikifunika kisahani chote kwa mpira wa kupaka au nta, kikawa hakipenywi na maji, kitumbukize kwenye ndoo uisikie barafu ikiyeyuka.

Na kumbuka kwamba kinakwenda pande zote mbili. Ukikipa sauti, kitu ulichokibandikia kitaanza kuzungumza. Tudor, yuleyule wa piano iliyonyamaza, alitumia vitetemeshi vyenye nguvu kuliko piezo kugeuza mapipa, mabati na fremu za mbao kuwa spika, katika kazi aliyoianza mwaka 1968 na kuipanua mwaka 1973 hadi ikajaza ukumbi mzima kwa vitu vinavyoning'inia. Watu walitembea katikati yake, wakaweka masikio, hata meno, kwenye vitu vile. Kila kitu hukataa baadhi ya milio na kuikuza mingine, na huko kukataa ndiko rangi yake.

Mrejesho

Kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara anaujua: maikrofoni inasogezwa karibu na spika, na ghafla mluzi unawakata watu maneno. Sauti imetoka kwenye spika, imeingia tena kwenye maikrofoni, imekuzwa, imetoka tena, na kila mzunguko umeiongeza nguvu hadi kikuza sauti kimefika ukomo wake. Fundi wa sauti huukimbia mluzi huo maisha yake yote. Mjenzi wa sauti huuliza swali tofauti: kwa nini mluzi huu na si mwingine? Umbali kati ya maikrofoni na spika, umbo la chumba na tabia ya spika huchagua pamoja ni mlio upi uanze. Sogea nusu hatua, mlio unaruka kwenda mwingine. Fungua mlango, unaruka tena. Yaani chumba ni ala, na wewe umesimama ndani yake.

Mwaka 1968 mtunzi Mmarekani Steve Reich alining'iniza maikrofoni kama pendulamu juu ya spika zilizolazwa chali, uso juu. Zikiachiwa, kila moja hulia kidogo inapopita juu ya spika yake. Mwanzo zinapishana, kisha zinakaribiana, na zinapotulia mluzi unakuwa mmoja mrefu hadi mtu achomoe waya. Waliocheza hawafanyi lolote zaidi ya kuachia. Muziki wote umo katika urefu wa kamba na kani ya mvutano wa dunia.

Wa pili katika habari hii ni Alvin Lucier, naye mtunzi wa Marekani, na kama utajaribu kitu kimoja tu baada ya kusoma makala haya, kijaribu chake. Mwaka 1969 alinasa sauti yake akisoma maneno machache yanayoeleza anachokifanya, akaucheza utepe ule chumbani na kuunasa tena, akaucheza ulionaswa na kuunasa tena, mara nyingi. Maneno yanapoteza kingo, yanayeyuka, na mwishoni hubaki milio ya filimbi inayopanda na kushuka kwa mwendo wa usemi wake. Kinachotokea kinaweza kupigiwa hesabu. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chumba chenye upana wa mita nne hupenda mlio wenye wimbi la mita nane, yaani karibu hezi 43, na vizidishi vyake: 86, 129 na kuendelea. Kila duru chumba hukuza kidogo kinachokipenda na kufifisha kisichokipenda. Duru moja huioni tofauti. Duru ishirini hukuacha na chumba peke yake. Simu mbili zinatosha, moja ya kucheza na moja ya kunasa, ingawa ni lazima uzime ile kazi ya simu ya kusafisha kelele, maana hiyo hukifukuza kile hasa unachokitafuta.

Kuna pia mrejesho usio na hewa. Toshimaru Nakamura wa Japani anajulikana kwa kuchukua mashine ya kuchanganyia sauti, asiichomekee chombo chochote, bali aunganishe tundu la kutolea na tundu la kuingizia. Mashine inajisikiliza. Vitufe vya besi na trebo, ambavyo kwa kawaida ni vya kurembea, vinakuwa usukani wa mnyama asiyefugika. Anayejaribu hili apunguze sauti hadi chini kabisa kwanza, na asivae hedifoni. Ngoma ivumayo sana hupasuka, na ngoma ya sikio haina fundi. Kanuni inayotumika sana makazini ni kwamba sikio livumilie desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinaukata muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Mrejesho hufika huko kwa kufumba na kufumbua.

Saketi zinazolia

Chipu iitwayo CD40106 ina miguu 14, na ndani yake milango sita inayofanana. Kila mlango ni mkaidi: ukipokea umeme wa juu hutoa wa chini, ukipokea wa chini hutoa wa juu, na haubadili msimamo mpaka usukumwe kweli kweli. Unganisha tokeo lake na ingizo lake kwa resista, kipande kinachobana mwendo wa umeme, kisha weka kapasita kati ya ingizo na upande hasi wa betri. Fikiria ndoo na bomba. Bomba linaijaza ndoo. Ikifika alama ya juu, mlango unageuka na kuimwaga. Ikifika alama ya chini, unageuka tena kuijaza. Kila mjazo na mmwago ni mtetemo mmoja. Kwa resista ya kiloomu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 utapata kadiri ya mitetemo mia hivi kwa sekunde, mvumo mzito. Weka kapasita kubwa mara mia, na mvumo unageuka tiki… tiki… kama saa, moja hivi kwa sekunde.

Hapo pana jambo la kutafakari ambalo darasa la muziki hulificha. Noti na mdundo ni kitu kimoja kilichotazamwa kwa mwendo tofauti. Chini ya mapigo 20 hivi kwa sekunde sikio linahesabu. Juu ya hapo linaacha kuhesabu na kusikia noti. Ukiwa na resista ya kuzungusha mkononi unaweza kuuvuka mpaka huo polepole, na kila ninayemwonyesha huurudia kuuvuka mara kadhaa kabla ya kuniachia kitufe.

Badili resista kwa kihisi cha mwanga, na kivuli cha mkono kinashusha mlio. Badili kwa vidole vyako vyenyewe vikigusa nyaya mbili, na jasho lako linakuwa sehemu ya saketi. Wazo hilo la mwisho ndilo Mholanzi Michel Waisvisz alilolitumia mjini Amsterdam katika miaka ya 1970 kutengeneza kisanduku kidogo kinachochezwa kwa kugusa saketi yenyewe kwa vidole. Unapobonyeza zaidi ngozi hupitisha zaidi, kwa hiyo hata woga wa mchezaji husikika.

Wengine hawajengi, huchokonoa. Reed Ghazala wa Marekani, akiwa kijana katika miaka ya 1960, aliacha kikuza sauti kidogo kilicho wazi ndani ya droo; kikagusa chuma, kikapiga shoti, na kikaanza kutoa milio ya ajabu. Badala ya kukitupa alijiuliza kama anaweza kupiga shoti kwa makusudi. Namna ya kufanya ni kufungua mwanasesere anayeongea, kushika waya mmoja, na kugusagusa sehemu mbilimbili za saketi mpaka kitu kifurahishe. Hapo unaweka alama na baadaye unalehemia swichi. Nusu ya vitu hufa mezani. Ndiyo maana mtu huchokonoa mitumba, na huchokonoa vya betri tu. Nikiwa na amri moja ya kutoa katika makala haya yote ni hiyo: chochote kinachochomekwa ukutani kisifunguliwe na mtu anayejifunza. Kamera zenye taa ya mwako nazo ziachwe, kwa kuwa kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata betri ikiwa imetolewa.

Kwa upande wa programu nitapita haraka. Audacity inatosha kwa kunasa na kukata. Pure Data, aliyoianzisha Miller Puckette katika miaka ya 1990, ni ya bure na hukuruhusu kuunganisha visanduku kwenye skrini kama unavyounganisha nyaya mezani. Ni nzuri zote mbili. Ila anayeanza na skrini mara nyingi huishia kuhariri kwa macho.

Mpaka hapa mtu anaweza kuwa na meza iliyojaa vitu vinavyolia na asiwe na kazi yoyote. Ndipo wengi wanapokwama, na naona ni kwa sababu wanakimbilia kuongeza. Kundi la Konono Nº1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, linatajwa sana kama mfano wa ubunifu wa walionyimwa: likembe (ala ndogo za vibati vinavyopigwa kwa vidole gumba) zilizokuzwa kwa vinasa vya mbao na sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Masimulizi hayo yanasahau jambo. Mkwaruzo ulioletwa na vinasa vile haukukusudiwa, lakini ulipofika, waliusikiliza, wakauacha, wakapanga midundo yao ikae vizuri na mkwaruzo huo. Huo ndio uamuzi wa kisanii, na vifaa peke yake havingeufanya.

Mtunzi Mmarekani Pauline Oliveros alishuka na wenzake mwaka 1988 katika tangi la maji lililokauka chini ya ardhi, katika jimbo la Washington, ambako mwangwi ulichukua sekunde 45 kuisha. Katika mahali kama hapo noti moja iliyopigwa vibaya itakaa nawe karibu dakika nzima. Hakuna njia ila kupiga kidogo na kungoja. Mazoezi hayohayo yanafaa mezani: washa kitu kimoja, kaa nacho mpaka ukijue, na cha pili kiingie pale tu unapoweza kusema kwa maneno yako kinakuja kufanya nini.

Nilitaja kwamba sanaa ya sauti huwekwa mahali. Max Neuhaus alikuwa mpiga ala za midundo aliyeziacha kumbi za muziki. Mwaka 1977 aliweka spika chini ya vyuma vya kupitishia hewa katika kisiwa cha waenda kwa miguu, Times Square, New York. Zilitoa mvumo mzito, wenye milio kama ya kengele zilizokwisha gongwa, ukitokea ardhini mchana na usiku. Ulizimwa mwaka 1992, ukarudishwa mwaka 2002. Hapakuwekwa kibao cha kueleza ni nini. Maelfu huvuka juu yake wakidhani ni mashine ya treni za chini, na mara mojamoja mtu hupunguza mwendo, akatazama chini kwenye vyuma, akarudi nyuma hatua mbili.